Kipande cha Yaa

Gunia lilikuja Jumanne, mdomo umezibwa kwa majani makavu.
Okidi akalitua mlangoni, akafuta jasho kwa kiwiko:
"Bei imepanda, mama. Njiani wanatukamata."
Nikamlipa. Maharagwe hayajui siasa.

Hapa Kalerwe, nyuma ya duka la magodoro,
nina masufuria matatu na sigiri nne
(moja imepasuka, nimeifunga waya).
Nawasha saa kumi alfajiri.
Saa nne maharagwe ndiyo kwanza yanaanza kulegea,
na matoke, niliyoyaviringisha kwenye majani kama kitoto kichanga,
yanadai moto wa chini, moto usiokatika,
maana mtu wa Kampala ukimpa matoke yaliyopoa
atakuuliza nani kafa.

Nilikuwa nachambua mkaa, natenga vumbi,
mkono ukagusa kitu kizito:
kipande ambacho tanuri lilikisahau,
upande huu mweusi, upande ule bado mti.
Gome limepasuka miraba miraba
kama mgongo wa mamba.
Nikakinusa.
Chini ya moshi, yaa.

Kwetu Palabek yaa haupandwi. Unaukuta.
Unazaliwa umeshasimama, unazikwa umesimama bado,
na aliyeuona ukichipua huenda asionje tunda lake.
Msimu wa tunda mama alitutoa kitandani gizani
tuokote kabla ya mbuzi.
Sisi tulikula nyama yake tamu, tukamtunzia kokwa.
Mafuta yale alitupaka, akaungia mboga,
akamsugulia bibi magoti.

Kumbe nimekuwa nikiula.
Sahani kwa sahani, kwa mchuzi, kwa kachumbari,
nimewauzia wa bodaboda matawi,
nimemkopesha fundi cherehani shina,
na yule karani anayebakiza nusu kila siku
kivuli cha mama yangu amekimwaga
kwenye ndoo ya nguruwe.

Laker, binti yangu, yuko kidato cha tatu. Anasema
mti hubana hewa chafu kifuani miaka na miaka;
ukiuchoma, unaiachia yote kwa pumzi moja.
"Na ng'ombe je?" nikamtania.
"Ng'ombe anacheua, mama, na kile anachocheua kinapanda juu
kinatufunika kama blanketi mchana wa jua."
Nikacheka mpaka mwiko ukaanguka.
Halafu nikawaza wale wa Kololo,
mbavu nzima kila jioni na bia mbili,
nikaona blanketi lenyewe tumelifuma wengi,
ila wengine wana uzi mrefu zaidi.

Mwezi uliopita walikuja watu wa fulana za kijani.
Gari lao lilinguruma nje saa nzima, halikuzimwa,
wakatuonyesha picha za sigiri bora.
Walikula kwangu.
Walibakiza.

Usiku ule niliroweka maharagwe.
Basi. Sikufanya la ajabu.
Mama aliroweka, mimi niliacha nilipokuja mjini,
mjini mkaa ulikuwa rahisi na usingizi ghali.
Asubuhi yalikuwa yamevimba kama vidole vya mfuaji.
Yalipochemka vizuri nikaepua sufuria,
nikaitia kapuni, nikaizungushia blanketi kuukuu,
nikaiacha ijipikie kwa joto lake.
Sigiri ya nne haikuwashwa.
Kuku wa jirani akaja akatagia humo.

Wateja hawakujua. Mmoja tu alisema,
"Leo yameiva mapema," akaongeza chumvi.
Kisha akanyoosha kidole juu ya rafu,
pale karibu na kopo la majani ya chai:
"Na hicho?"
"Cha mama," nikamwambia. "Hicho hakiwashwi."

Jumanne Okidi atarudi. Ana watoto watano
na bega moja limeshuka kwa mizigo.
Nitachukua gunia moja badala ya mawili.
Nimefanya mazoezi ya kumwambia.
Bado sijapata maneno.